Umeolewa Uganda? Anza kutunza karatasi mapema

Wengi wetu tuliotoka Kagera tukaolewa ng'ambo ya Mutukula tunaishi Masaka au Kampala miaka na miaka bila kuwaza habari ya ukaazi. Ndugu wako pande zote mbili za mpaka, na Kiganda tunakishika upesi kwa sababu kinakaribiana na Kihaya. Ila siku utakayoomba pasi ya mtegemezi au cheti cha ukaazi kwa sababu mume wako ni raia wa Uganda, uhamiaji watataka kujua mambo mawili: ndoa yenu ni halali kisheria? Na je, ni ndoa kweli, mnaishi kama mke na mume? Nimeona dada wengi wakijiandaa kwa swali la kwanza tu.

Cheti ndicho mwanzo. Kuishi pamoja, hata mkawa na watoto sita, si ndoa kwa sheria za Uganda. Kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya mume kutambulishwa ukweni, ni ndoa ya kimila, lakini sheria ya 1973 ya kusajili ndoa za kimila inataka iandikishwe kwenye ofisi ya gombolola (ngazi inayofanana na kata) ndani ya miezi sita, mkiwa na mashahidi wasiopungua wawili. Picha mkiwa na gomesi (vazi la kike la Kiganda) na kanzu hazichukui nafasi ya usajili huo. Mliofunga kanisani Uganda, nendeni URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa, mkaulize kama ndoa yenu imo kwenye daftari la serikali, maana cheti kinaweza kukaa kabatini huku taarifa yake haijawahi kupelekwa.

Kuna jambo lingine, zito zaidi. Kabla hujafunga ndoa ya kanisani au ya serikali, hakikisha mwenzako hana mke mwingine wa kimila kijijini. Kama yupo na ndoa hiyo haijavunjwa, ndoa yako haisimami kisheria, na faili lako litaanguka pamoja nayo. Waulize wakwe bila aibu. Ni heri wanune siku moja kuliko ndoa yako ianguke.

Sasa maisha ya pamoja. Hapa ndipo wanawake tunapoumia, kwa sababu jina letu haliandikwi popote. Nyumba kapanga yeye, Yaka (umeme wa kulipia kabla) iko kwenye simu yake, ada ya shule analipa yeye. Mwombe mwenye nyumba aandike majina yenu wote wawili kwenye mkataba. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, iseme wazi kwamba mnaishi hapo kama mume na mke na tangu lini. Isiishie kusema tu kwamba anakufahamu. Taarifa ya mobile money inayoonyesha mnatumiana hela ya sokoni mwezi baada ya mwezi ina nguvu kuliko albamu ya harusi, maana harusi ni siku moja. Ongeza kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vyenye majina ya wazazi wote. Picha chagua chache za miaka tofauti, mkiwa na wazee wa pande zote, na nyuma ya kila moja andika tarehe, mahali na majina.

Majina yafanane kila mahali. Kama pasipoti ina jina la baba na cheti cha ndoa kina la mume, andaa kiapo cha kisheria kabla hujaulizwa. Barua zilizoandikwa kwa Kiswahili kule nyumbani zitafsiriwe rasmi kwa Kiingereza.

Mkiitwa kuhojiwa, msikaririshane majibu. Sisi tuliulizwa mambo ya kawaida kabisa: nani huamka kwanza, mama mkwe anaishi wapi, tulikutana vipi. Mume wangu hakukumbuka tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wangu, akasema hivyo hivyo, na mazungumzo yakaendelea. Watu wanaoishi pamoja kweli hawakumbuki yote.

Vishoka wanaokusubiri nje na kukuahidi barua ya LC au kiapo cha haraka, wapite mbali. Karatasi moja ya uongo inaweza kuzamisha ndoa ya kweli, na nimemwona rafiki akilia kwa hilo. Maombi hujazwa kwenye intaneti. Kaa na mumeo mjaze wenyewe, na kila mnachopakia mbaki na nakala. Pasi ikitoka, soma jina, namba ya pasipoti na tarehe ya mwisho papo hapo dirishani kabla hujaondoka.