Barua kwa Mwanangu: Aliyechoka Hakaripiwi

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma jana, leo asubuhi nikaurudia. Unataka kujua kama umwombe mkuu wako akuongezee siku za kufunga hesabu za mwaka, au ujikaze tu mpaka msimu upite. Nitalifikia hilo. Lakini katikati umepenyeza maneno kana kwamba si kitu: "Najiona mzembe, hata jumla rahisi zinanishinda." Hayo ndiyo yaliyoninyima raha.

Nani kakuita mzembe? Umejiita mwenyewe. Na aliyechoka hakaripiwi, hupumzishwa. Umenisikia nikisema hivyo tangu unasoma, na utanisikia tena.

Shangazi yako unamjua alivyo leo, hakuna wa kumharakisha. Zamani hakuwa hivyo. Tulipokuwa pamoja idara ya uhasibu, msimu kama huu wako, urari wake ulikataa: debiti na krediti, pande mbili za hesabu zinazopaswa kulingana, zilipishana kwa 270. Mkuu wetu alisimama katikati ya chumba akamwambia, sote tukisikia, kwamba hata mtoto mdogo anajua kujumlisha. Nikiikumbuka sauti ile, hasira inanipanda hadi leo. Kilichoniuma zaidi lakini ni kilichofuata. Yule bwana alikwenda zake nyumbani, na nadhani alishasahau kabla hajafika. Shangazi yako ndiye aliyebaki anajikaripia kwa niaba yake, tena kwa maneno makali zaidi, huku anapekua daftari ukurasa baada ya ukurasa. Kila akijumlisha, anapata jibu jingine.

Nilimfungia daftari nikamwambia twende tukalale. Tukavutana, mwishowe akakubali. Asubuhi, hata kiti hajakikalia vizuri, akasema: "270 si inagawanyika kwa 9?" Wewe ni mhasibu, unajua: tofauti ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizobadilishana nafasi. Alikwenda moja kwa moja kuzitafuta, akaiona 630 imeandikwa 360. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka! Na kanuni ile aliijua usiku uliopita pia, alifundishwa chuoni. Haikupata pa kupita tu, kichwa kilikuwa kimejaa matusi aliyokuwa anajitukana.

Najua utanipinga, na mimi mwenyewe najipinga: si kila hesabu inasubiri asubuhi. Tarehe ya mwisho ni tarehe ya mwisho, na kuna usiku ambao nasi tulikesha, hapakuwa na namna. Wala sitaki ujionee huruma hadi wenzako wabebe mzigo wako. Hapana. Lakini mtu anaweza kukesha bila kujitukana. Mdogo wako aliposhindwa mtihani, ulikaa naye kwenye simu mpaka akanyamaza kulia. Hukumwita mzembe. Maneno yale uliyompa yeye, jipe na wewe. Aliyechoka hakaripiwi.

Halafu kuna mwili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Umeniambia mnaingia alfajiri na kutoka usiku, na Jumamosi mpo. Ziandike saa zako za wiki hii, uzitazame. Najua wiki moja haimwangushi mtu, na msimu una mwisho wake. Sawa. Ila kila mwaka unaniambia msimu utaisha, na kila mwaka unatoka umekonda.

Sasa swali lako. Umwombe siku au usimwombe? Jibu ninalo, liko kwenye ncha ya ulimi. Baba yako nimeshamchosha nalo. Anasema nikuache uamue, kwa kuwa mkuu wako simjui na ofisi yenu siijui. Nimebishana naye, lakini kwa hilo ana haki. Basi nanyamaza, kwa shida sana. Ukitaka kulisikia niulize tena, nitalisema papo hapo.

Ukishaamua niandikie, hata kama uamuzi wenyewe unadhani hautanipendeza.

Mama yako