Je, mazoezi ya akili humfaa anayetibiwa saratani ya damu?

SWALI: Mume wangu anatibiwa lukemia. Tangu aanze kemotherapia, yaani dawa za kuua chembe za saratani, husahau maneno na hesabu za duka lake. Je, michezo ya akili ya kwenye simu itamkinga na usahaulifu huo? – Msomaji, Langoni, Lamu.

JIBU: Dada yetu, hali hiyo madaktari wanaijua. Huweza kuletwa na dawa zenyewe, hasa zinazodungwa katika maji ya uti wa mgongo, lakini upungufu wa damu, usingizi mbovu na wasiwasi pia huizidisha. Kwa hiyo mwelezeni daktari kwanza, kwani baadhi ya sababu hizo hutibika. Michezo ya simu humpa mtu wepesi katika kazi ile ile anayoirudia, ila faida hiyo haihamii kwa urahisi katika shughuli nyingine. Mimi ningependelea afanye hesabu za duka lenyewe, kwa muda mfupi, asubuhi akiwa hajachoka, daftari likiwa kando. Au acheze bao nyumbani na mtu mmoja mwenye afya, si barazani penye watu wengi, maana chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi, zikipungua hata mafua huwa hatari. Kutembea kidogo kila siku, daktari akiruhusu, kusipuuzwe. Akipata homa au akichanganyikiwa ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.