Jibu: Wateja wanavuta ndani ya baa, wahudumu wanaogopa kuwakataza

Salamu ndugu. Nimekusoma: tangazo la kukataza sigara liko ukutani, lakini ikifika saa nne usiku watu wanawasha mezani, na wahudumu wananyamaza wasije wakakosa tipu.

Kabla hujagombana na mteja, kagua sehemu uliyotenga ya kuvutia sigara. Hapa Kenya, Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inairuhusu, ila iwe imetengwa na hewa yake itoke nje moja kwa moja. Kona yenye pazia na feni haihesabiki. Moshi unarudi kaunta, na wenye baa wengi wanajidanganya hapo.

Halafu ondoa visahani vyote vya majivu mezani. Mhudumu akiona majivu kwenye kizibo cha soda, amwite meneja au baunsa. Kumkataza mlevi si kazi ya anayetegemea tipu yake! Kwangu baunsa anainama, anasema polepole: "Bosi, twende nje tuvute, bia yako naichunga mimi." Hiyo ya kuchunga bia ndiyo dawa, maana wengi hawatoki kwa kuhofia kiti kuchukuliwa au kinywaji kutiwa kitu.

Mtihani ni yule mteja wa kila siku mwenye pesa. Ukimwachia yeye, dakika kumi baadaye meza ya pili imewasha.

Kuhusu vipimo vya chumba chenyewe, muulize afisa wa afya ya umma wa kaunti kabla hujamlipa fundi.