Kompyuta ya Kurekodi Iache Ikae Mbali na Intaneti

Teki ya tatu, yaani mara ya tatu kuurekodi wimbo uleule, ndiyo iliyokuwa yenyewe. Mwimbaji alikuwa amefumba macho, mkono mmoja umeshikilia hedifoni upande wa kushoto, na alipofika ubeti wa mwisho sauti ilimtoka namna ambayo haikuwa imemtoka siku nzima. Chumba kizima kilinyamaza. Nilipoirudisha nyuma tuisikilize, nikasikia "tk". Ndogo sana, kama kucha inayogusa glasi. Nikasogeza mbele, ikaja tena. Nikalivuta wimbi la sauti likawa kubwa kwenye skrini, nikauona: mstari mwembamba uliosimama wima katikati ya neno, pale sauti ilipokatika na kuanza upya. Nikapima nafasi kati ya mkato mmoja na mwingine. Karibu dakika moja, kila mara.

Nilishuku waya, nikabadilisha. Nikashuku maiki, nikashuku umeme. Siku mbili zilipita kabla sijagundua kwamba tatizo ni Wi-Fi. Kompyuta haikuwa imeunganishwa na mtandao wowote, ila kadi yake ya Wi-Fi ilikuwa imewashwa, na kila baada ya muda ilikuwa inachungulia kama kuna mtandao wa karibu. Nilipoizima kabisa, ile mikato ikakoma. Yule dada alirudi tukarekodi upya, akaimba vizuri tu, lakini ile teki ya tatu haikupatikana tena. Tangu hapo kompyuta ninayorekodia haina kazi nyingine, na katikati ya kazi haigusi intaneti.

Ukielewa kwa nini kitu kidogo kama hicho kinaharibu sauti, utakubali haraka usumbufu wa kuwa na kompyuta mbili. Sauti haipiti kwenye kompyuta kama maji ya bomba. Inapita kwa mafungu madogo, na fungu moja ndilo tunaloliita bafa. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde na bafa ukaiweka kwenye sampuli 128, kila fungu ni karibu milisekunde 2.9. Ndani ya muda huo prosesa inatakiwa iwe imemaliza kulishughulikia na kulipeleka. Draiva ya kifaa kingine, yaani programu ndogo inayokiendesha kifaa hicho, ikiishika prosesa kwa milisekunde 4 tu, fungu linachelewa, na pale panabaki tundu. Kwa mtu anayesoma barua pepe, milisekunde 4 si kitu. Kwenye sauti ya mwimbaji zinasikika.

Kuna watakaokuambia uongeze bafa. Ni kweli, wakati wa kumiksi mimi huipandisha hadi 1024 bila wasiwasi, kwa sababu hakuna anayeimba. Lakini bafa ya 1024 ni zaidi ya milisekunde 23 kuingia, na nyingine kama hizo kutoka. Mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta atasikia sauti yake inamfuata nyuma, ataanza kuvuta maneno, na muziki utapoa. Bafa ndogo ndiyo inayomfanya aimbe kwa raha, na bafa ndogo inataka kompyuta isiyo na shughuli nyingine.

Intaneti inaleta shughuli nyingi usizoziona. Programu zinatafuta masasisho. Huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni inaanza kupandisha faili la sauti huku bado unalirekodi. Kinga ya virusi inataka kukagua kila kinachoandikwa kwenye diski, na wewe unaandika traki nane, yaani njia nane za sauti, kwa mpigo. Halafu kuna taarifa zinazojitokeza kwa mlio. Mlio mmoja kwenye spika za chumba cha maiki unatosha kuua teki nzima.

Masasisho nayaongelea peke yake kwa sababu yamewaumiza watu wengi ninaofanya nao kazi. Mfumo ukijisasisha usiku, asubuhi unakuta draiva ya kadi ya sauti haielewani nao, au plagini, ile programu ya nyongeza ya kutengeneza sauti, uliyoitumia kwenye nyimbo sita haifunguki. Msanii yuko mlangoni. Kwangu hakuna kinachosasishwa katikati ya albamu. Kazi ikishakabidhiwa, ninatengeneza nakala kamili ya diski ya mfumo, ndipo nachomeka waya wa mtandao, nasasisha ninachokihitaji, nafungua miradi miwili mitatu ya zamani kuona kama inacheza sawasawa, kisha nauchomoa. Natumia waya kwa makusudi: ukiutazama unajua umeunganishwa au hujaunganishwa. Wi-Fi nimeizima kwenye orodha ya vifaa vya kompyuta yenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuiwasha kwa bahati mbaya.

Upande wa usalama, wengi wanadhani virusi humpata aliyebonyeza kitu cha ovyo. Mwezi Mei 2017, programu hasidi ya WannaCry ilisambaa katika nchi zaidi ya 150 ikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, na ilikuwa ikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao bila mwenye mashine kubonyeza chochote. Sasa fikiria folda yenye miradi ya wasanii kumi na wawili, nyimbo ambazo hazijatoka, sauti ambazo haziwezi kurudiwa. Si mali yako peke yako. Umeaminiwa nayo.

Ila kuchomoa waya hakukupi kinga kamili. Stuxnet, programu hasidi nyingine iliyogunduliwa mwaka 2010, iliingia kwenye mitambo iliyotengwa na intaneti, na flashi zilikuwa moja ya njia zake. Kwa hiyo flashi ya msanii haichomekwi moja kwa moja kwenye kompyuta yangu ya kurekodi. Inapita kwanza kwenye kompyuta ya kila siku, inakaguliwa, kisha mafaili ya sauti peke yake, WAV na mengine ya aina hiyo, yananakiliwa kwenye flashi ninayoitumia kwa kazi hiyo tu. Na plagini zilizovunjwa leseni usizilete kabisa. Huwezi kujua aliyeivunja ameweka nini ndani, na mashine yako haina sasisho la jana la kukulinda.

Leseni ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, nisikufiche. Baadhi ya programu zinataka kuingia mtandaoni kila baada ya muda kuthibitisha kwamba bado umelipia, na ukikaa sana nje zinajifunga. Kabla hujanunua, uliza jambo moja: je, inaweza kuidhinishwa bila kompyuta yenyewe kuingia intaneti? Zipo zinazokuruhusu kutoa faili dogo la ombi, ukalipeleka kwenye kompyuta nyingine, ukarudi na faili la kibali. Zipo zinazotumia ufunguo wa USB unaobeba leseni. Mimi nimeacha plagini mbili nilizozipenda sana kwa sababu hii, na sijutii.

Kingine kidogo ambacho hakuna aliyenitahadharisha: saa. Kompyuta isiyoingia mtandaoni haisahihishi saa yake, na betri ndogo ya ndani ikichoka, tarehe inaweza kurudi nyuma kwa miaka. Mafaili yanaandikwa tarehe za uongo, hujui teki ipi ni ya mwisho, na leseni nyingine zikiona saa imerudi nyuma zinakataa kufunguka. Kila Jumatatu naitazama saa ile.

Kuhusu bakapu, sasa ni jukumu lako mwenyewe kwa sababu hakuna huduma ya mtandaoni inayokufanyia kimyakimya. Traki moja ya mono ya biti 24 kwa sampuli 48,000 inakula karibu megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 unakaribia megabaiti 700, na hapo hujahesabu teki zilizokataliwa. Diski mbili za nje zinatosha kwa wengi. Moja inakaa studio, nyingine inakaa mahali pengine kabisa, na zinabadilishana. Nanakili kabla msanii hajaondoka, akiwa bado anakunja waya wa hedifoni. Nikisema "nitafanya usiku", usiku huo nachoka.

Wasanii wenyewe wataomba. "Kaka, fungua intaneti kidogo nione mashairi niliyojitumia." Nampa simu yangu, au naenda kwenye kompyuta ile nyingine nikamchapishia karatasi. Hakuna aliyewahi kukasirika. Na nimegundua kwamba chumba kisicho na skrini ya kuperuzi kinawafanya watu wasikilizane zaidi kati ya teki na teki.

Kama una kompyuta moja tu, weka diski ya pili yenye mfumo wake wenyewe, ya muziki peke yake, na unapotaka kurekodi uiwashe kompyuta kupitia hiyo, Wi-Fi ikiwa imezimwa ndani ya mfumo huo. Kufungua akaunti ya pili ya mtumiaji kunasaidia kidogo tu, kwa maana draiva na huduma za chini zinabaki zilezile. Kama hata diski ya pili haipo, basi walau washa hali ya ndege na usitishe huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni kabla hujabonyeza kitufe chekundu.

Ukipata nafasi ya kununua kompyuta mpya, usiharakishe kuitupa ya zamani. Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi nzuri zimebaki humo kwa sababu haziwezi kupokea mfumo mpya. Kwa intaneti, mashine kama hiyo ni hatari. Kwa kurekodi, ikiwa kadi yako ya sauti na plagini zako zimeshatulia juu yake, ichomoe waya na uipeleke chumba cha maiki. Yangu ni ya namna hiyo, na tangu nilipoizima Wi-Fi sijasikia "tk" tena.