Je, woga ndio uliozaa miungu?

Swali: Habari za kazi, Daktari. Nimekutana na maelezo mawili kuhusu chanzo cha imani ya dini. Ya kwanza yanasema binadamu alibuni miungu kwa kuogopa radi, maradhi na kifo. Ya pili yanasema ubongo una kitu kama king'ora kinacholia kwamba "kuna mtu hapa" hata pasipo na mtu. Yapi yana ushahidi? Na mimi ninayesali kila siku, yakithibitika, itakuwa nimejidanganya muda wote huu?

Jibu: Habari njema, ndugu msomaji. Nianze na woga, kwa kuwa ndio mkongwe. Mwanafalsafa wa Uskoti David Hume aliandika juu yake mwaka 1757, akisema dini za mwanzo zilitokana na hofu na matumaini ya watu juu ya mambo yasiyotabirika ya maisha yao. Mwaka 1927 Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, akamwingiza baba: mtoto aliyezoea kulindwa, akikua na kuona dunia haimjali, humtafuta baba mkubwa zaidi.

Kuna ukweli ndani yake. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand karibu na Papua Guinea Mpya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alisimulia kwamba wavuvi wa huko walipovua kwenye maji tulivu yaliyokingwa na miamba hawakuhangaika na uganga. Huko samaki walipatikana kwa uhakika. Walipokwenda bahari ya wazi, kwenye hatari na kubahatisha, uganga ulikuwa mwingi. Mfa maji haachi kutapatapa.

Lakini angalia woga unaeleza nini hasa. Unaeleza ni wakati gani mtu anasali. Hauelezi kwa nini anapoogopa anazungumza na *mtu*, tena asiyeonekana, badala ya kukimbia au kujificha tu. Na kama dini ingebuniwa ili itufariji, ingefariji vizuri zaidi. Watu wa Mesopotamia ya kale, eneo la Iraki ya leo, waliamini wafu wanaishi gizani na chakula chao ni vumbi. Mtu anayetafuta liwazo hawezi kujibunia habari kama hizo. Kwa hiyo woga nauweka kama kichocheo, siyo chimbuko.

Sasa king'ora. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha wanafunzi 34 filamu fupi isiyo na chochote ila pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara dogo, na mstatili wenye upande unaofunguka kama mlango. Maumbo yanasogea, basi. Wakaombwa waeleze walichoona. Ni mmoja tu aliyeeleza maumbo kama maumbo. Waliobaki walisimulia ugomvi, woga na kufukuzana.

Jaribu mwenyewe kuisimulia kwa Kiswahili. Utaanza vizuri: "pembetatu inasogea." Sekunde chache baadaye utajikuta unasema "yule mkubwa anamwonea mdogo, naye anakimbilia ndani." Ulimi umeshahama kutoka ngeli ya I-ZI kwenda A-WA bila kukuomba ruhusa. Sidhani kuna namna bora ya kukuonyesha jambo hili kuliko ngeli zetu: akili ya binadamu inapoona mwendo wa aina fulani, hutoa uhai na nia papo hapo.

Mwanaanthropolojia Stewart Guthrie, na baada yake mwanasaikolojia Justin Barrett, walijenga nadharia juu ya tabia hiyo. Hoja yao ni ya hasara na faida. Ukidhani jani linalotikisika ni chui, kumbe ni upepo, umepoteza pumzi kidogo. Ukidhani chui ni upepo, umekwisha. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nadharia hii inasema sote tumezaliwa tayari tumeumwa. Kutokana na mishtuko hiyo isiyo na mwenyewe, inadaiwa, ndipo wazo la mizimu na miungu likapata pa kuota.

Ni hoja nzuri, na mimi niliifundisha kwa miaka kwa shauku kubwa kuliko ilivyostahili. Tatizo ni hatua ya mwisho. Kushtushwa na ung'ongo hudumu sekunde moja. Ukiangalia vizuri unacheka na kuendelea na safari. Hakuna mtazamaji wa ile filamu aliyeanza kuiabudu pembetatu. Majaribio ya kupima kama watu wenye king'ora chepesi ndio waumini zaidi yametoa majibu yasiyolingana. Baadhi ya watafiti sasa wanaugeuza mshale: mtu huamini kwanza, kisha ndipo anapohisi kuna aliyepo chumbani.

Mimi naona uzito uko kwenye kipaji kingine, kile cha kusoma mawazo ya wenzetu. Siku nzima tunakisia fulani anajua nini, anataka nini, amekasirika au la. Hatuhitaji mwili wake uwepo. Tunagombana kichwani na mtu aliye safarini. Mungu, jini au babu aliyefariki anaingia kwenye nafasi hiyo bila shida, kwa kuwa ni mtu mwenye nia na masikio ambaye amekosa kitu kimoja tu, mwili.

Mwaka 1996 Barrett na Frank Keil walilionyesha hili kwa kisa cha mvulana aliyenasa mguu kati ya mawe mawili mtoni, akaanza kuomba. Kisa kinasema Mungu alikuwa akijibu ombi jingine sehemu nyingine ya dunia mvulana alipoanza, na muda si mrefu akalisukuma jiwe. Wasomaji walipoulizwa moja kwa moja Mungu yukoje, walijibu kama walivyofundishwa: yuko kila mahali, anafanya mengi kwa wakati mmoja. Walipotakiwa kukikumbuka kisa, wengi walisema alimaliza kwanza lile ombi jingine, ndipo akamgeukia mvulana. Kama karani mwenye foleni! Mafundisho ya dini yako juu. Chini yake akili inaendelea kumwelewa kama inavyomwelewa mtu.

Kitu cha pili ni swali la "kwa nini". Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa kusini mwa Sudan ya wakati ule, aliandika mwaka 1937 kuhusu ghala la nafaka linalowaangukia watu waliokaa kivulini mwake. Wazande walijua fika kuwa mchwa wamekula nguzo. Walijua pia watu wale walikaa pale kukwepa jua. Ila kwa nini liporomoke saa ileile, juu ya watu walewale? Hapo ndipo uchawi ulipotajwa. Soma tena, utaona hakuna ujinga hapo wala woga mwingi. Sababu ya mchwa inajibu "ilikuwaje". Swali lao lilikuwa "kwa nini sisi". Waulize waliofiwa ghafla, hata wasio na dini, utasikia swali hilohilo.

Hayo yote yanaeleza kwa nini akili inapokea mbegu. Mbegu inatoka kwa watu. Ukitaka kutabiri fulani ataamini nini, usipime ubongo wake. Angalia aliolelewa nao. Tena maneno yao hayatoshi. Joseph Henrich, mtafiti wa mageuzi ya utamaduni, mwaka 2009 alitoa hoja kwamba tunaamini zaidi tunapoona mtu akilipa gharama kwa anachokisema: anafunga, anatoa mali, anajinyima. Mtoto anayeambiwa na mzazi asiyesali kwamba sala ni muhimu hujifunza lililo wazi.

Angalizo dogo kwa wanaopenda vichwa vya habari. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba kutazama tu picha ya sanamu ya mtu anayefikiri, kazi ya mchongaji Mfaransa Rodin, hupunguza imani. Jaribio liliporudiwa na watu wengi zaidi, matokeo yakachapishwa mwaka 2017, hakuna kilichoonekana, na mmoja wa watafiti wa awali alikubali hadharani kuwa jaribio lao lilikuwa dhaifu. Fani yetu ya saikolojia ya dini ina visa vya namna hiyo, kwa hiyo ukiambiwa "sehemu ya Mungu ndani ya ubongo imepatikana," vuta subira.

Na wewe unayesali? Kujua wazo limetokea wapi hakusemi kama ni kweli. Kuwatambua watu kwa nyuso nako kuna mitambo yake ubongoni, na nyuso zipo. Barrett mwenyewe, aliyekipa jina kile king'ora, ni Mkristo. Wenzake wanaosoma ushahidi uleule wapo wasioamini. Pahali pamoja tu ndipo saikolojia inapokugusa: kama sababu yako pekee ya kuamini ni kwamba usiku mmoja ulihisi kuna mtu chumbani, sababu hiyo sasa ina maelezo mengine, na itabidi utafute nyingine ya kuiegemea.