Kwa wadogo zangu mnaojipangia saa za kazi
Jumatatu mmoja wenu aliulizwa faili liko wapi, akajibu kwenye kundi: "Si tunajipangia saa?" Jibu hilo nimelala nalo wiki nzima. Nawapenda, lakini hapo mmenitia hofu.

1. Kazi ya kunakili sauti, yaani kusikiliza rekodi na kuandika yasemwayo, ifanyeni alfajiri, kabla punda hawajaanza kupita vichochoroni.

2. Saa iandikeni kwa tarakimu, pamoja na mji: "15:00 Nairobi". Sisi hatubadilishi saa. London hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, na tofauti yetu huwa saa 2 au 3.

3. Kazi usiyoikabidhi hujaimaliza.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufanyia kazi nyumbani, hapa Langoni, mjini Lamu, nilipewa dakika 40 za mahojiano niziandike. Mwenzangu wa Kisumu alikuwa azipokee asubuhi, aziunganishe na zake, mteja apate jioni. Nilimaliza usiku, nikasema nitapandisha kukicha, mtandao ukitulia. Kulipokucha mjomba akabisha hodi: mashua ya kisiwa cha Pate yaondoka, twende harusini Siyu. Mkanda, ule mlango wa bahari wa kwendea Pate, hupitwa maji yakijaa. Yakitoka, chombo hukaa mchangani. Nikaiacha laptopu kitandani. Pale gatini simu ilikuwa na chaji asilimia 9, inatosha ujumbe mmoja. Sikutuma. Nilijiambia saa ni zangu.

Niliporudi siku ya pili nilikuta jumbe 17. Wa kwanza: "Umeamka?" Wa mwisho, wa magharibi: "Nimemaliza. Usijali." Dakika zile 40 alizisikiliza na kuziandika upya, mtoto ana homa, kambeba mgongoni. Hilo "usijali" lingali lanichoma.

Wiki iliyofuata bosi akafuta uhuru wa timu nzima: kila mtu awe mtandaoni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Aliyeumia zaidi ni yeye yuleyule. Alikuwa akianza saa kumi alfajiri ili mchana awe na mwanawe. Sasa ikabidi atafute wa kumlipa amshikie. Nilimwomba radhi, akanipa. Saa zake sikuweza kumrudishia. Bosi alizirudisha baada ya miezi mitano.

4. Siku ya kupumzika pumzikeni. Sheria ya Ajira ya 2007 yatupa angalau siku 1 katika kila siku 7, na kufanyia kazi nyumbani hakuifuti. Nanyi mnaojibu jumbe saa sita za usiku, mwawafanya wenzenu waone ni lazima nao wakeshe.

5. Ukitoka, sema: wenda wapi, warudi lini, faili liko wapi, nani ashike. Maulidi, matanga, harusi, maji kujaa. Katika timu yetu sijaona aliyeaga akakatazwa.

Jana nilimpigia simu yule wa Jumatatu. Kumbe siku ile alikuwa Mokowe, ng'ambo ya bara, amempeleka bibi yake hospitali. Faili lilikuwa tayari tangu Jumapili, limo ndani ya flashi, mfukoni mwake.