TV kwenye ukuta wa jipsamu, Marekani
Dada, umeuliza kama unaweza kufunga TV yako kwenye ukuta wa nyumba huko Marekani kwa plastiki za skrubu. Hapana, zile plastiki za kushikia skrubu tulizozoea kwenye tofali hazifai kwa TV ya inchi 55. Ukuta huo ni ubao wa jipsamu, mara nyingi wa nusu inchi tu, nyuma yake uwazi. Ukivuta mbele mkono wa chuma unaoshikilia TV, skrubu huchomoka na kipande cha ukuta. Tafuta nguzo za mbao zilizo ndani, kwa kawaida kila inchi 16. Pitisha sumaku ndogo polepole, itanasa penye vichwa vya skrubu zilizofunga jipsamu kwenye nguzo. Toboa kwanza kwa biti ya milimita 5, kisha kaza skrubu nene nne, mbili kila nguzo. Lenga katikati ya nguzo. Pembeni mwa nguzo, hasa juu ya soketi, hupita nyaya za umeme.